Kompyuta ikumbuke yenyewe: mwongozo kamili wa kupanga kazi na vikumbusho kwa Task Scheduler

Saa 1:30 usiku hapa Mwanga, Kigoma, ndiyo kwanza giza linaingia. Sisi tuko magharibi mno. Jua letu linazama ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo, wakati wenzetu wa Dar es Salaam wameshawasha taa zamani. Muda huo dukani kwangu huwa kuna mteja wa mwisho anatoa kopi ya cheti cha kuzaliwa. Ghafla kwenye kioo cha kompyuta linachomoza dirisha jeusi, maandishi meupe yanakimbia sekunde chache, kisha linajifunga. "Kaka, hicho si kirusi?" huuliza wengi. Si kirusi. Ni kazi zote za siku hiyo zimenakiliwa kwenye diski ya akiba, na hakuna aliyegusa kitufe.

Sikuanza jambo hili kwa kupenda. Diski ya kompyuta yangu ya kwanza ilikufa wiki ya mitihani, tumboni ikiwa na mitihani ya shule mbili niliyokesha nikiichapa. Flashi ya akiba nilikuwa nayo, tena mfukoni, ila mara ya mwisho kunakili ilikuwa miezi minne nyuma. Umuhimu wa nakala rudufu niliujua vizuri kabisa. Nilikuwa nasahau tu, na jioni mtu amechoka.

Dawa ya kusahau ilikuwa ndani ya mashine muda wote. Kila Windows, kuanzia 7 hadi 11, huja na programu iitwayo Task Scheduler. Haipakuliwi, hainunuliwi, haili bando. Kazi yake ni moja: unaiambia ifanye nini, lini, na ikikosa muda wake ifanyeje. Hilo la tatu ndilo watu wanalolipuuza, na kwa mji ambao umeme unaweza kukatika katikati ya sentensi, ndilo nitakalolisemea sana.

Saa yetu na saa ya kompyuta

Kabla ya kufungua chochote, tumalizane na saa. Sisi tunahesabu tangu kuche, kompyuta inahesabu tangu saa sita ya usiku. Kijana wangu wa dukani nilimwagiza aweke kikumbusho cha saa 8 mchana. Akaandika 8:00, akachagua PM kwa kuwa asubuhi ilikuwa imeshapita. Kikumbusho kikatokea saa 2 usiku, sisi tumeshafunga na yeye yuko kwao Katubuka anakula ugali.

Kanuni ni kuongeza au kupunguza sita. Saa 2 asubuhi ni 8:00 AM. Saa 6 mchana ni 12:00 PM, saa 8 mchana ni 2:00 PM, saa 12 jioni ni 6:00 PM, saa 1:30 usiku ni 7:30 PM. Mashine yako ikitumia saa ishirini na nne, hiyo ya mwisho itasomeka 19:30. Saa 6 usiku ni 12:00 AM na ina mtego wake: kwetu usiku wa Jumatatu bado ni Jumatatu, lakini kompyuta imeshahamia Jumanne. Mimi sipangi kazi yoyote dakika hiyo.

Kisha hakikisha mashine inajua iko wapi. Bofya kulia kwenye saa iliyo pembeni chini, chagua 'Adjust date and time', na kwenye 'Time zone' tafuta '(UTC+03:00) Nairobi'. Usihangaike kutafuta Dar es Salaam au Dodoma, hazimo kwenye orodha. Kompyuta nyingi zikipigwa Windows upya huamka zikiwa kwenye saa za Marekani, na fundi akiwa na haraka hubadilisha tarakimu za saa tu, haligusi eneo. Intaneti ikishika, saa inarudi ilikotoka.

Angalia pia mpangilio wa tarehe. Kwenye mpangilio wa Kimarekani mwezi hutangulia siku, kwa hiyo 7/8 ni tarehe 8 Julai, si 7 Agosti. Fungua mipangilio ya 'Region' uchague mpangilio unaoanza na siku.

Mwisho wa hili: ukiwasha kompyuta ya mezani asubuhi ukakuta mwaka umerudi nyuma, na kivinjari kinalalamika kwamba kila tovuti si salama, betri ya kwenye mazabodi, yaani ule ubao mkuu wa ndani, imekufa. Ni ile betri bapa ya duara yenye namba CR2032. Ibadilishe kwanza. Kupanga ratiba kwenye mashine isiyojua leo ni lini ni kuchota maji kwa tenga.

Andaa pa kuweka vitu

Tengeneza folda mbili kwenye diski C. Ya kwanza iite Kazi. Humo utaweka maandishi ya vikumbusho na amri. Ya pili iite Duka, iwe ndiyo nyumba ya mafaili yote ya biashara. Majina yawe mafupi, yasiwe na nafasi katikati, kwa sababu nafasi kwenye jina la folda ni chanzo cha makosa ambayo mwanzo hutayaona.

Kama mafaili yako yametapakaa, mengine kwenye Desktop, mengine Downloads, mengine ndani ya folda iitwayo 'New folder (7)', yakusanye leo. Hakuna programu itakayokufanyia hilo.

Kikumbusho cha kwanza: LUKU ya Ijumaa

Ndani ya Task Scheduler kuna chaguo liitwalo 'Display a message' ambalo lingeonekana ndilo la vikumbusho. Liache. Microsoft walishalitelekeza tangu Windows 8, na kwenye mashine za sasa hukataa kuhifadhi. Njia ninayoitumia ni ya kijijini lakini haijawahi kuniangusha: naiambia kompyuta ifungue faili la Notepad muda fulani. Uzuri wake ni kwamba nikitaka kubadili maneno, nahariri faili tu, ratiba siigusi.

1. Fungua Notepad, andika ujumbe wako. Wangu unasema: "LEO IJUMAA. Soma mita. Ikiwa chini ya uniti 20 nunua LUKU kabla ya saa 6." Hifadhi kwa jina luku.txt ndani ya C:\Kazi.

2. Shikilia kitufe cha Windows ubonyeze R. Kwenye kisanduku kinachotokea andika taskschd.msc kisha Enter.

3. Upande wa kushoto bofya kulia kwenye 'Task Scheduler Library', chagua 'New Folder', iite Duka. Usiruke hatua hii. Humo ndani kuna kazi kibao za Windows yenyewe, na bila folda yako utakuja kufuta isiyo yako.

4. Ingia kwenye folda hiyo, kisha upande wa kulia bofya 'Create Task'. Kuna nyingine iitwayo 'Create Basic Task' ambayo inakushika mkono hatua kwa hatua, lakini inaficha mipangilio tutakayoihitaji. Heri kuzoea hii mapema.

5. Kichupo cha 'General': kwenye 'Name' andika jina linaloeleweka, mfano luku-ijumaa. Acha alama kwenye 'Run only when user is logged on'.

6. Kichupo cha 'Triggers', ambacho ndicho cha muda: bofya 'New', chagua 'Weekly', weka tiki kwenye 'Friday', na saa 10:00:00 AM, yaani saa 4 asubuhi.

7. Kichupo cha 'Actions': bofya 'New'. Kwenye 'Program/script' andika notepad.exe. Kwenye 'Add arguments' andika C:\Kazi\luku.txt. Bofya OK mpaka dirisha lifunge.

Usisubiri Ijumaa. Bofya kulia kwenye kazi uliyoitengeneza, chagua 'Run'. Ujumbe ukitokea, umeshaelewa nusu ya somo.

Kuhusu hatua ya 5. Chini yake kuna chaguo lingine, 'Run whether user is logged on or not', na wengi hulipenda kwa kudhani lina nguvu zaidi. Kwa kikumbusho halifai kabisa: kazi itafanyika nyuma ya pazia na hutaona dirisha lolote. Windows itasema imefaulu, na kweli Notepad imefunguka, ila mahali ambapo jicho halifiki. Tena chaguo hilo linadai akaunti yenye nywila. Kompyuta nyingi za madukani hazina, na kazi itagoma.

Notepad ina udhaifu mmoja. Ukiwa unaandika kwenye Word inaweza kufunguka kwa nyuma, ukaona tu alama yake ikiwaka chini. Kwa mambo yasiyovumilia, rekodi sauti kwa simu, hamishia faili kwenye C:\Kazi, kisha kwenye 'Program/script' andika cmd.exe na kwenye 'Add arguments' andika:

/c start "" "C:\Kazi\kengele.mp3"

Yangu ni sauti ya mke wangu. Hiyo haipuuzwi.

Kazi kubwa: nakala rudufu ya kila siku

Hapa tutatumia robocopy, amri ya kunakili iliyomo ndani ya Windows. Inanakili vilivyobadilika tu, kwa hiyo siku ya kwanza itachukua muda, siku zinazofuata ni sekunde.

Kwanza, diski au flashi ya akiba ipewe herufi yake ya kudumu. Dukani kwangu wateja wanachomeka flashi kutwa nzima. Leo diski yangu inaitwa E, kesho E ni flashi ya mwanafunzi na yangu imekuwa F. Ratiba inayoelekezwa E itamwaga hesabu zako zote kwenye flashi ya mtu, na ataondoka nazo. Chomeka diski yako, bonyeza Windows na R, andika diskmgmt.msc, bofya kulia kwenye diski hiyo, 'Change Drive Letter and Paths', kisha uchague herufi ya mbali. Mimi nilichagua K, ya Kigoma.

Fungua Notepad uandike mistari hii kama ilivyo:

@echo off
if exist K:\ goto endelea
start "" notepad.exe C:\Kazi\diski.txt
exit /b 16
:endelea
robocopy "C:\Duka" "K:\Nakala" /E /R:2 /W:5 /TEE /LOG+:C:\Kazi\kumbukumbu.txt

Mstari wa pili unauliza kama diski K ipo. Isipokuwepo, linafunguka faili la diski.txt, ambalo nimeliandika "Diski ya akiba haijachomekwa", na kazi inaishia hapo. Ikiwepo, robocopy inachukua kila kitu kilichomo C:\Duka pamoja na folda za ndani. Hiyo ndiyo maana ya /E. Ikikwama kwenye faili inajaribu tena mara mbili, kila baada ya sekunde tano. Usiondoe hizo /R na /W, kwa sababu bila kuambiwa robocopy hujaribu mara milioni moja, kila mara ikisubiri sekunde thelathini. /TEE inaonyesha kazi kwenye kioo, na sehemu ya mwisho inaandika kumbukumbu ya kila siku.

Mtandaoni utakutana na watu wanaoandika /MIR badala ya /E. Hiyo inafanya nakala ifanane na asili kwa kila kitu, hata kwa kufuta: ukifuta faili kwa bahati mbaya mchana, jioni itafutwa na ile ya akiba. Kwa duka, mimi siishauri.

Kuhifadhi kuna mtego. Kwenye Notepad chagua 'Save as', kwenye 'Save as type' weka 'All files', ndipo uandike jina nakala.bat ndani ya C:\Kazi. Usipobadilisha hapo utapata nakala.bat.txt, ambayo ni barua, si amri.

Sasa rudi Task Scheduler, tengeneza kazi mpya kama mwanzo. 'Triggers' iwe 'Daily', 7:30:00 PM. 'Actions' iwe C:\Kazi\nakala.bat, na kwenye 'Start in' andika C:\Kazi bila alama za kunukuu. Chagua muda ambao kazi zimepungua, kwa sababu faili lililo wazi kwenye Excel linaweza kurukwa, au likachukuliwa lilivyokuwa ulipobonyeza 'Save' mara ya mwisho.

Diski inayokaa imechomekwa kutwa haitoshi peke yake. Ikija radi, au programu haramu inayofunga mafaili na kudai fedha, vyote viwili vinakwenda. Kwa hiyo ninayo ya pili, inayolala nyumbani. Kila Jumamosi saa 10 jioni, yaani 4:00 PM, kompyuta hunifungulia ujumbe: "Leta diski ya nyumbani Jumatatu." Ndiyo, nahitaji kuambiwa.

Ikikosa saa yake, ifanyeje?

Hapa ndipo mwongozo mwingi wa mtandaoni unapotuacha, kwa sababu umeandikwa na watu ambao umeme kwao haukatiki.

Fungua kazi ya nakala kwa kuibofya mara mbili, nenda kichupo cha 'Conditions'. Utakuta tayari kuna tiki kwenye 'Start the task only if the computer is on AC power'. Maana yake ni kwamba laptopu ikiwa inatumia betri, kazi haifanyiki. Hata kompyuta ya mezani yaweza kunaswa: ukiwa na UPS, kile kisanduku kinachoshikilia umeme ukikatika, iliyounganishwa kwa waya wa USB, Windows huihesabu kuwa betri. Umeme ukikatika saa 1:25, saa 1:30 nakala haichukuliwi, ingawa UPS inakutosha dakika kumi na nakala inahitaji moja tu. Ondoa tiki hiyo, pamoja na ile ya chini yake inayosema kazi isimame umeme ukikatika.

Hapohapo kuna 'Wake the computer to run this task'. Hiyo inaamsha kompyuta iliyolala. Iliyozimwa haiamki, hata uweke tiki kumi.

Nenda kichupo cha 'Settings'. Mstari wa kuutafuta ni 'Run task as soon as possible after a scheduled start is missed'. Kwa kawaida hauna tiki. Ukiuwekea, kazi iliyokosa muda wake kwa sababu mashine ilikuwa imezimwa itafanyika mashine ikishawaka, baada ya dakika chache. Jana umeme ulikatika saa 12 jioni ukarudi usiku wa manane? Asubuhi ukiwasha, nakala ya jana inachukuliwa kabla hujamaliza kufagia. Kwa nakala rudufu tiki hiyo ni lazima.

Nilipoigundua nikaipenda kupita kiasi, nikaiweka kila mahali. Nilikuwa na kazi ya kuzima kompyuta saa 3 usiku, kwa sababu kijana alikuwa anaiacha inawaka hadi asubuhi, uniti zinakwenda. Amri yake ni fupi: 'Program/script' ni shutdown.exe, na 'Add arguments' ni /s /t 600, yaani zima baada ya sekunde 600. Nayo nikaiwekea tiki ileile. Usiku mmoja tukafunga mapema, mashine ikazimwa kwa mkono saa 1. Asubuhi nimewasha, nina dada anajaza maombi ya kazi serikalini, amefika ukurasa wa kupakia vyeti. Kompyuta ikakumbuka kwamba jana haikuzimwa saa 3 kama ilivyoagizwa. Ikatoa onyo, mimi niko kwenye mashine ya kopi sikuliona, dakika kumi baadaye kioo kikawa cheusi. Dada alinitazama bila kusema neno. Maombi yale tulianza upya, na sikumtoza.

Kwa hiyo kila kazi jiulize swali lake peke yake. Nakala ya jana bado ina maana asubuhi? Ndiyo, weka tiki. Kuzima kwa jana kuna maana asubuhi? Hapana, toa tiki. Kikumbusho cha LUKU ya Ijumaa kikitokea Jumamosi? Kina maana kubwa zaidi, weka. Na onyo la kuzima likikukuta katikati ya kazi, bonyeza Windows na R, andika shutdown /a, litafutika.

Kwa vikumbusho vya kufungulia duka, achana na saa kabisa. Kwenye 'Triggers', mahali pa 'Begin the task', chagua 'At log on', kisha weka tiki kwenye 'Delay task for' na uandike humo 5 minutes. Uwashe saa 1 asubuhi au saa 4 kwa sababu umeme umechelewa, ujumbe utakukuta umeshakaa.

Tarehe za kodi, na mwezi wa angani

Ratiba ya 'Monthly' inakuruhusu kuchagua miezi na siku. Kodi ya mapato ya makadirio hulipwa kwa awamu nne, mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba. Kwenye 'Months' chagua hiyo minne, kwenye 'Days' chagua 15, ubaki na wiki mbili za kutafuta fedha. Mwenye VAT ana tarehe 20 ya kila mwezi kwa ritani ya mwezi uliopita. Mwenye kukata PAYE kwenye mishahara ana tarehe 7. Ukitaka siku ya mwisho ya mwezi bila kujali ni 28 au 31, mwisho wa orodha ya siku kuna 'Last'. Usichague 31, Februari, Aprili, Juni, Septemba na Novemba hazina siku hiyo na kazi haitafanyika.

Kalenda ya ofisini iko hivyo. Ziwani kuna nyingine. Ninamtunzia hesabu kwenye Excel mama mmoja mfanyabiashara wa dagaa wa Kibirizi. Dagaa wetu huvuliwa usiku kwa taa, wakati wa giza. Mbalamwezi ikiwa kali taa hazivuti, wavuvi wanapumzika nchi kavu, na hapo ndipo watu wanapokaa kugawana na kulipana. Mama alitaka karatasi zake ziwe tayari kila mbalamwezi inapoanza. "Si umesema mashine yako inakumbuka kila kitu, mwanangu? Basi ikumbuke na mwezi."

Haiwezi. Mwezi mpevu hurudi baada ya siku 29 na nusu hivi, na 'Monthly' inafuata miezi ya kalenda. Nilijaribu 'Daily' yenye 'Recur every: 29 days', ikaanza kuwahi, kila mzunguko nusu siku, mpaka baada ya miezi kadhaa ikawa inatuita giza likiwa bado zuri. Jibu likawa la kizamani: kazi moja inaweza kubeba nyakati nyingi. Kwenye 'Triggers' bofya 'New', chagua 'One time', andika tarehe. Bofya 'New' tena, tarehe inayofuata. Hivyohivyo mpaka mwaka uishe. Tarehe za mwezi mpevu nazitoa kwenye kalenda ya ukutani, narudisha nyuma siku tatu. Ni kazi ya robo saa, mara moja kwa mwaka.

Mwaka 2024 uvuvi wa Ziwa Tanganyika uliposimamishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, zile mbalamwezi za katikati zilitukumbusha bure. Ukifungua trigger husika ukatoa tiki ya 'Enabled' inanyamaza bila kufutika, ukirudisha inaendelea.

Ikigoma

Katikati ya dirisha, kwenye safu ya 'Last Run Result', kuna jibu la kazi ilivyokwenda. 0x0 ni salama. 0x41303 maana yake haijawahi kufanyika. 0x41301 inaendelea sasa hivi. 0x80070002 ni faili halikuonekana, na hapo kagua kama umekosea njia, au kama amri yako kumbe ni .bat.txt.

Robocopy ina lugha yake. Kwake 0x1 si kosa, ni kusema kuna mafaili mapya yamenakiliwa. 0x3 ni hivyohivyo, pamoja na kwamba kwenye akiba kuna mafaili ambayo kwenye asili hayapo tena. Kuanzia 0x0 mpaka 0x7 lala usingizi. 0x8 kwenda juu kuna kilichoshindikana, fungua kumbukumbu.txt usome mwishoni. 0x10 ni ile 16 tuliyoiandika wenyewe, diski haipo, au robocopy yenyewe imeshindwa kabisa, mfano folda ya asili haionekani.

Ukitaka kuona historia ya kazi, upande wa kulia bofya 'Enable All Tasks History'. Usishangae kichupo cha 'History' kikiwa kitupu kabla ya hapo, kwa kawaida huwa kimezimwa.

Na mara moja kwa mwezi fungua faili moja moja kutoka diski K uone kama linasomeka. Niliwahi kukaa wiki tatu nikifurahia 0x0 huku kijana ameinakili folda ya Duka mahali pengine na kazi zote zinafanyikia huko, na kompyuta ikilinda mahame.

Wageni wasioalikwa

Flashi za wateja zinaleta virusi, na baadhi ya virusi hujipangia ratiba humuhumu ili vifufuke kila ukiviua. Ukiona kirusi kile cha 'shortcut' kinarudi kila baada ya kusafisha, pitia 'Task Scheduler Library' yenyewe, nje ya folda yako. Kazi yenye jina la ovyoovyo inayoita wscript.exe au faili lililofichwa ndani ya AppData ni ya kutilia shaka. Izime kwanza kwa 'Disable', usifute, kisha pitisha antivirusi. Zilizo ndani ya folda ya Microsoft ziache kama zilivyo, hata kama huzielewi.

Wanaotumia Ubuntu badala ya Windows wao wana cron, mpanga ratiba wa huko. Andika crontab -e kwenye teminali, kisha mstari kama huu: 30 19 * * 1-6 /home/duka/nakala.sh. Ni dakika 30, saa 19, kila siku ya mwezi, kila mwezi, Jumatatu hadi Jumamosi. Cron haina habari na muda uliopita mashine ikiwa imezimwa. Kwa hilo kuna anacron.

Kabla ya kupiga Windows

Siku fundi atakaposema tupige Windows upya, ratiba zako zote zinakufa pamoja na ya zamani. Bofya kulia kila kazi, chagua 'Export', hifadhi ndani ya C:\Duka ili nazo ziingie kwenye nakala ya jioni. Kwenye mashine mpya utachagua 'Import Task', utaangalia jina la mtumiaji kwenye 'General' kama limebadilika, basi. Folda ya Kazi nayo inakili, maana bila luku.txt hakuna cha kufungua.

Ya mwisho niliyoitengeneza ni ya tarehe 27 Desemba, saa 3 asubuhi. Inafungua faili lenye mstari mmoja: "Nunua kalenda ya mwaka mpya, weka tarehe za mbalamwezi za mama."